Msitu Unaotunzwa kwa Msumeno: Mwongozo Kamili wa Kutembelea na Kuhifadhi Ashdown Forest

Wengi wetu tumekua tukiambiwa: ukikata mti, panda mti. Ashdown Forest, katika East Sussex kusini mwa Uingereza, unataka mengine. Kati ya hekta zake zipatazo 2,500, karibu asilimia 60 ni nyika ya wazi, yaani ardhi ya vichaka vifupi, na nyika hiyo ingali hai kwa sababu kila majira ya baridi kuna watu wanaoingia humo na misumeno, wakang'oa mibetula (miti ya nchi za baridi yenye gome jeupe) na kukata misonobari iliyojiotea. Mgeni asiyelijua hilo huona visiki na malundo ya matawi akadhani msitu umevamiwa.

Mwongozo huu ni wa aliye London, Brighton au popote jirani anayetaka kwenda kutembea huko siku moja, na pia wa yule atakayetaka kurudi amevaa glavu.

Kwa nini msitu huu una miti michache

Katika Uingereza ya kale neno "forest" halikuwa na maana ya miti. Lilimaanisha ardhi iliyotengwa kwa mawindo ya mfalme na kuwekewa sheria zake, iwe ina miti au haina. Mwishoni mwa karne ya 13 Ashdown ilizungushiwa tuta na mtaro, na juu yake uzio wa mbao za mwaloni, urefu wa kilomita 37, ili kulungu wasitoke. Watu waliingia kwa milango 34. Mlango mpana wa kupitisha mikokoteni uliitwa "gate", na mdogo wa waendao kwa miguu uliitwa "hatch". Ndiyo asili ya majina ya Chelwood Gate, Chuck Hatch na Coleman's Hatch. Ukiliona jina la namna hiyo kwenye ramani, ujue hapo ni ukingoni mwa boma la zamani, na mahali pengine tuta lenyewe bado linaonekana.

Wanakijiji wa kandokando walikuwa na haki ndani ya boma: kulisha ng'ombe, kukata kuni, na kufyeka kangaga kwa ajili ya malalo ya mifugo. Mwaka 1693 ardhi iligawanywa, na ekari 6,400 hivi zikabaki kuwa za matumizi ya pamoja. Kazi hizo za kila siku ndizo zilizoitengeneza nyika. Udongo wa Ashdown ni wa mchanga, wenye tindikali na rutuba kidogo sana, na wakulima wale walikuwa wakiupunguzia hata hicho kidogo kila walipobeba mzigo kwenda nyumbani.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo zima. Mimea ya nyika hii huishi kwa njaa. Udongo ukinenepa, nyasi na miti huishinda.

Mimea yenyewe ni ya jamii ya erika. Aliyepanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu anaijua jamii hiyo: ni vile vichaka virefu vyenye majani kama sindano kati ya kambi ya Mandara na Horombo. Ndugu zao wa Ashdown ni wafupi, wengi wakiishia magotini, nao wako wa aina tatu. Ili uzitofautishe itabidi uchutame. *Calluna vulgaris*, ambayo hapa tutaiita kaluna, ina majani madogo mno kama magamba, yamelaliana shinani kwa safu. *Erica cinerea* ina majani yaliyotoka matatumatatu na maua ya zambarau iliyokolea. Utaiona penye mchanga mkavu. *Erica tetralix* ina majani mannemanne yaliyokaa kama msalaba, na maua ya waridi yamekusanyika kileleni. Ukiiona hiyo ya tatu, angalia unapokanyaga, kwa kuwa umeingia kwenye nyika chepechepe.

Mwaka 1877 mtu aitwaye John Miles alikuwa akikata kangaga kwa niaba ya Bernard Hale, mmoja wa wenye haki hizo, na mwenye ardhi, Earl De La Warr, akapinga. Kesi ikaenda hadi Mahakama ya Rufaa. Mwanasheria William Augustus Raper alizunguka vijijini akiandika ushahidi wa wazee kuhusu walichokuwa wakikata, wapi na tangu lini. Mwaka 1881 upande wa wanakijiji ukashinda, na mwaka 1885 ikaundwa Bodi ya Wahifadhi ambayo hadi leo ndiyo yenye dhamana, sasa kwa sheria ya mwaka 1974. Mwaka 1988 halmashauri ya East Sussex iliinunua ardhi yenyewe. Kwa hiyo uhuru wa leo wa kutembea humo umesimama juu ya haki ya kufyeka.

Haki ilishinda, lakini watumiaji walipungua. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia wafugaji wadogo waliacha kuleta mifugo, na nyika, iliyokuwa takriban asilimia 90 ya msitu mwishoni mwa miaka ya 1940, ikashuka hadi kiwango cha sasa. Hakuna aliyeiharibu kwa makusudi. Iliachwa tu, na miti ikaifunika.

Kupanga safari

Kwa treni, panda London Victoria hadi East Grinstead, mwendo wa karibu saa moja. Kutoka hapo chukua basi au teksi hadi Forest Row, kijiji kilicho kaskazini mwa msitu. Mabasi ya Jumapili ni machache, hivyo hakikisha ratiba ya kurudi kabla ya kuondoka nyumbani. Mwenye baiskeli anaweza kufuata Forest Way, njia iliyojengwa juu ya reli ya zamani kutoka East Grinstead, lakini asiitoe baiskeli yake nje ya barabara na kuiingiza kwenye vijia vya msitu. Sheria ndogo za msitu haziruhusu.

Kwa gari, barabara za A22 na A275 hukutana Wych Cross, na kituo cha wageni, Ashdown Forest Centre, kiko jirani kwenye barabara iendayo Coleman's Hatch. Maegesho yametawanyika msitu mzima, na tangu mwaka 2022 hulipiwa. Usiegeshe kwenye majani ya kando ya barabara hata palipo pakavu: matairi huvunja tabaka la juu la udongo, maji ya mvua yakapata mfereji, na kovu hilo huchukua miaka kupona.

Maegesho ya Gills Lap hujaa mapema wikiendi, kwa sababu hapo ndipo penye mandhari yaliyompa mwandishi A. A. Milne mahali pa hadithi zake za watoto za Winnie-the-Pooh. Ukitaka utulivu, nenda Old Lodge kwenye barabara ya B2026, hifadhi inayosimamiwa na Sussex Wildlife Trust, yenye njia ya mzunguko ya kilomita 3 hivi iliyowekewa alama. Kwa anayeenda mara ya kwanza na anataka kuelewa nyika bila kupotea, Old Lodge ndiyo chaguo letu. Na ukienda kwenye daraja maarufu la hadithi hizo kurusha vijiti majini kama wafanyavyo wahusika wake, okota vijiti vyako njiani mapema. Miti iliyo karibu na daraja imekwanyuliwa vya kutosha.

Mwezi wa kwenda hutegemea unachotaka. Kaluna huchanua Agosti hadi mapema Septemba, na kwa wiki chache vilima vyote huwa zambarau. Kuanzia Julai, penye unyevu, tafuta *Gentiana pneumonanthe*, ua la buluu kali lenye umbo la tarumbeta, mojawapo ya mimea adimu ya msitu huu. Oktoba kangaga hugeuka rangi ya kutu, na kulungu dume hunguruma alfajiri wakigombea majike. Desemba jua huzama kabla ya saa kumi jioni, kwa hiyo anza matembezi saa nne asubuhi, usingoje mchana.

Beba ramani ya Ordnance Survey (shirika la ramani la Uingereza), Explorer 135. Simu haitoshi: mabondeni mtandao hukatika, na vijia vya wapanda farasi hukatizana kiasi kwamba baada ya njiapanda tatu zote hufanana. Alama nzuri za kujielekeza ni vikundi vya misonobari juu ya vilima, kama pale Camp Hill, vilivyopandwa karne ya 19 na vinavyoonekana kutoka mbali. Vaa buti zinazofunika vifundo vya miguu. Chini ya mchanga kuna matabaka ya udongo wa mfinyanzi, na kuanzia Novemba hadi Machi njia za mabondeni ni tope tupu. Weka koti la mvua begini hata Julai, maana kilele cha msitu kiko zaidi ya mita 200 juu ya usawa wa bahari na upepo wake hauna kizuizi.

Ukiwa ndani

Una ruhusa ya kutembea kwa miguu karibu kila mahali. Farasi anahitaji kibali. Moto wa aina yoyote, hata jiko dogo la kuchomea nyama, ni marufuku. Kadhalika kupiga kambi na kurusha droni. Kuhusu moto usidanganywe na mvua za Uingereza. Wakati wa hatari zaidi ni Machi na Aprili: kangaga na nyasi za mwaka uliopita ni vikavu kama karatasi, na jani bichi halijatoka. Moto wa Oktoba 2020 juu ya Kilimanjaro ulionyesha jinsi jamii hii ya mimea inavyoshika. Ukiona moshi, tembea kuelekea upande unaotoka upepo, fika barabarani, kisha piga 999, namba ya dharura.

Mbwa afungwe kamba fupi kuanzia Machi hadi mwisho wa Julai, na penye mifugo mwaka mzima. Ndege muhimu wa hapa hutaga chini au kwenye vichaka vya chini kabisa. Mbwa hahitaji kumkamata ndege ili alete hasara. Akimfurusha mara mbili tatu asubuhi yenye baridi, mayai hupoa, na kunguru anayetazama kutoka juu ya msonobari huwa ameshaona kiota kilipo. Kinyesi cha mbwa nacho kiokotwe, kipelekwe kwenye pipa. Wengine hukirusha kichakani wakisema kitaoza. Kitaoza kweli, na ndiyo shida, kwa sababu fosforasi na naitrojeni yake hubaki udongoni. Kando ya njia zenye mbwa wengi utaona ukanda wa nyasi za kijani umeisukuma kaluna mbali na njia.

Kupe wapo kuanzia majira ya machipuko hadi vuli, hasa kwenye kangaga. Hubeba vijidudu vya ugonjwa wa Lyme. Vaa suruali ndefu na uichomeke ndani ya soksi. Ukirudi, jikague nyuma ya magoti, kinenani, kwapani na kwenye mstari wa nywele. Watoto wakague vichwani. Ukimkuta, tumia kibano chenye ncha nyembamba, mshike karibu kabisa na ngozi, mvute taratibu kwenda juu bila kumminya, kisha safisha kwa sabuni. Usimpake mafuta wala kumchoma kwa kiberiti. Akisumbuliwa hutapika ndani ya jeraha. Ndani ya wiki 1 hadi 4, na mara nyingine hadi miezi 3, ukiona duara jekundu linalopanuka, nenda kwa daktari umweleze ulikuwa wapi.

Nyoka mwenye sumu ni mmoja tu, *Vipera berus*, wa ukoo mmoja na bafe wetu lakini mdogo. Huota jua kwenye njia za mchanga asubuhi za Machi na Aprili, akiwa na mchoro wa kona-kona mgongoni. Mpe nafasi, atakwenda. Akikuuma, tulia, legeza viatu na pete, usichanje wala kufunga kamba, piga 999.

Barabarani endesha polepole alfajiri na magharibi. Kulungu mmoja akivuka, wa pili na wa tatu wako nyuma yake.

Kumsikiliza ndege wa usiku

*Caprimulgus europaeus* ni wa jamii ya wale ndege wanaolala barabarani usiku huko kwetu, macho yao yakawaka kwenye taa za gari. Hufika Ashdown mwezi Mei, hutaga mayai mawili juu ya ardhi tupu kati ya kaluna, na kufikia Septemba huwa ameondoka. Ndege wa Uingereza waliofungwa vifaa vya kufuatilia safari wameonekana wakipitisha majira ya baridi kusini mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kwa hiyo msomaji wa Lubumbashi na mtembezi wa Ashdown wanagawana mgeni yuleyule.

Mwezi unaofaa ni Juni. Chagua jioni yenye joto isiyo na upepo. Jua huzama karibu saa tatu na robo usiku. Uwe umeshafika ukingoni mwa nyika, penye miti michache iliyosimama peke yake, na usitoke kwenye njia. Subiri nusu saa. Sauti yake ni mngurumo mkavu usiokatika, kama cherehani inayoendeshwa mbali, unaopanda na kushuka kidogo anapogeuza kichwa. Zima tochi. Usimpigie sauti yake kwa simu ili aje: dume ataacha kiota na kuja kumfukuza mpinzani asiyekuwepo, na saa yake ya kula ni fupi.

Kazi ya uhifadhi: ruhusa na msimu kwanza

Usiingie na panga lako. Msitu huu unalindwa kisheria kama makao ya ndege na mimea adimu, na mtu binafsi haruhusiwi kung'oa hata mche. Njia sahihi ni kujiunga na siku za kujitolea zinazoratibiwa na wahifadhi. Kituo cha wageni kitakuelekeza. Msimu wa kukata miti huanza Septemba na huisha mwishoni mwa Februari. Kuanzia Machi ndege hujenga viota, na kazi ya vichaka husimama hata kama kipande kimebaki nusu.

Utakuja na buti ngumu, nguo kuukuu za tabaka mbili au tatu, chakula cha mchana na chai ya chupa. Vifaa utapewa: glavu nene, miwani ya kinga, msumeno wa upinde wenye meno ya kukatia mti mbichi, na mkasi mrefu wa matawi. Kati ya mtu na mtu pawe na mita 3 au zaidi, na unapoangushwa mti, umbali uwe mara mbili ya urefu wake. Msumeno wa mashine ni wa wenye cheti tu.

Mbetula

Hii ndiyo kazi utakayoifanya zaidi, na ndiyo inayoharibiwa zaidi na wageni. Mbetula mmoja mkubwa humwaga mbegu nyingi mno, nyepesi kama vumbi. Maotea yake mwaka wa kwanza hayazidi kidole, na mwaka wa tano hukuzidi kimo.

Maotea yasiyofika kiunoni yang'oe, usiyakate. Chagua siku baada ya mvua, udongo ukiwa laini. Shika shina kwa mikono miwili karibu kabisa na ardhi, liyumbishe kidogo huku na huku, kisha vuta wima kwa uzito wa mwili wote, magoti yakiwa yamekunjwa ili usiumize mgongo. Utasikia mizizi midogo ikikatika mmojammoja kabla mche haujaachia. Ukikatikia shingoni, chimba kipande kilichobaki, la sivyo chipukizi litatoka hapo. Kung'oa kuna faida ya pili: kunaacha kidonda kidogo cha mchanga ulio wazi, na mbegu ya kaluna inapenda kuota hapohapo.

Uliokwisha kukomaa hukatwa. Hapa ndipo penye kosa kubwa. Mbetula uliokatwa tu haufi. Mwaka unaofuata kisiki hutoa machipukizi matano, kumi, na badala ya mti mmoja una kichaka. Kwa hiyo kisiki hupakwa dawa ya kuua magugu yenye glifosati, iliyotiwa rangi ili ionekane kilichopakwa na kisichopakwa, mara tu baada ya kukatwa na kabla jeraha halijakauka. Dawa hupakwa na mwenye mafunzo na cheti. Wajibu wako wewe mkataji ni kumwita papo hapo, usingoje kumaliza safu nzima.

Kata chini kabisa, kimo cha kisiki kisizidi upana wa vidole vitatu, na kiwe bapa. Kisiki cha mshazari ni mkuki: hutoboa kwato, buti na tairi la mashine itakayopita baada ya miaka miwili.

Msonobari

Huu ni rahisi. Msonobari hauchipui kutoka kwenye kisiki na hauhitaji dawa, kwa sharti moja: ukate chini ya tawi la mwisho lenye majani mabichi. Ukiacha tawi moja tu la kijani, litainuka na kuwa mti mpya. Chutama, tenga kaluna kwa mkono, tazama mpaka chini kabla hujaanza kukata.

Usimalize miti yote. Miti michache iliyotawanyika huachwa makusudi ili ndege wapate pa kuimbia. Kiongozi wa siku ataifunga utepe. Ukiwa na shaka, uliza.

Kangaga

*Pteridium aquilinum* ndilo kangaga lilelile linalofunika miteremko ya Usambara baada ya moto. Nguvu yake iko chini ya ardhi, kwenye mashina marefu yanayotambaa na kuhifadhi chakula. Kulifyeka mara moja ni kulikata nywele. Mbinu ni kulichosha: fyeka mwishoni mwa Juni, likiwa limetumia akiba yake kufungua majani lakini halijaanza kurudisha chakula chini, kisha fyeka tena baada ya wiki sita hivi. Rudia hivyo miaka 3 mfululizo, au zaidi. Watu hukata tamaa mwaka wa pili, kwa sababu huo ndio mwaka linapoonekana kama halijapungua. Angalia idadi ya mashina kwa hatua moja ya mraba na urefu wake, si rangi ya kilima.

Kazi hii huangukia msimu wa viota. Kwa hiyo kila kipande hukaguliwa kwanza na anayewajua ndege, na palipo na kaluna iliyochanganyika na kangaga mashine haipiti. Agosti na Septemba usifyeke bila barakoa, maana vumbi la spora zake, yaani chembe zake za uzazi, halifai kuvutwa.

Baada ya kangaga kupungua, ondoa matandazo yake. Majani makavu hurundikana hata kufika urefu wa kiganja, na mbegu ya kaluna iliyo chini haioni mwanga. Kokota kwa reki hadi uone udongo mweusi wenye chembe za mchanga. Kukata kangaga na kulitoa nyikani ndiyo kazi aliyokuwa akiifanya John Miles mwaka 1877.

Kukata kaluna yenyewe

Wengi hushangaa hapa. Kaluna huishi miaka 30 hadi 40. Ikiwa changa huchipua vizuri ikikatwa. Ikishapita miaka 15 au 20 nguvu hiyo hupungua, shina huwa gogo, na mmea hufunguka katikati kama kiota kilichoachwa. Kwa hiyo hukatwa kwa zamu, vipande vidogo kila mwaka kati ya vuli na mwisho wa baridi, ili ndani ya eneo moja pawe na kaluna ya kila umri. Mjusi anataka mchanga ulio wazi, buibui anataka kichaka kikongwe, na kipepeo mdogo wa buluu, *Plebejus argus*, anataka machipukizi mapya penye sisimizi wanaomlinda kiwavi wake.

Masazo yote yatolewe shambani. Ukiyaacha yakaoza umeirudishia ardhi rutuba uliyokuwa ukiipunguza, na miaka mitatu baadaye utavuna nyasi za *Molinia*. Matawi ya miti nayo hivyohivyo. Yakilazimika kuchomwa, huchomwa juu ya mabati yaliyoinuliwa kutoka ardhini na majivu hubebwa. Palipochomwa moja kwa moja juu ya udongo hujulikana hata baada ya miaka mingi kwa duara la magugu yasiyofanana na jirani zake.

Uleksi na mifugo

Uleksi ni kichaka chenye miiba na maua ya njano yanayonukia kama nazi. Ukiwa mkubwa sana huwa mkavu ndani na ni hatari kwa moto, hivyo hukatwa karibu na ardhi kwa zamu ya miaka 10 hadi 15. Kamwe usikatwe wote kwa mkupuo. *Curruca undata*, ndege mdogo mwenye mkia mrefu na kifua cha rangi ya divai, hahami wakati wa baridi. Theluji ikianguka, buibui walio ndani ya uleksi ndio chakula chake pekee. Baada ya baridi kali ya 1962–63 ndege hao walibaki jozi zisizofika 20 katika Uingereza nzima.

Mifugo hufanya kile ambacho msumeno hauwezi. Ng'ombe hung'ata *Molinia* na kukanyaga kangaga, kondoo hula ncha za mbetula, na farasi wadogo wa Exmoor hula hata uleksi. Idadi huwa ndogo makusudi. Ukikuta ng'ombe, mzunguke, usipite kati yake na ndama, na acha kila geti kama ulivyolikuta.

Yanayotoka nje ya msitu

Kuna madhara ambayo glavu haziyafikii. Moshi wa magari huleta naitrojeni inayoanguka juu ya nyika kama mbolea isiyoombwa. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ilitoa hukumu iliyolazimisha athari za magari ya mipango kadhaa ya ujenzi zihesabiwe kwa pamoja, si kila mpango peke yake, na msitu huu ndio uliokuwa ukibishaniwa. Aidha, nyumba mpya ndani ya kilomita 7 hutakiwa kuchangia maeneo mengine ya kutembezea mbwa. Ukiishi humo, maoni yako kwenye mpango wa ujenzi yana uzito kuliko siku tano za kung'oa mibetula.

Jambo dogo unaloweza kufanya mwenyewe: safisha buti kabla ya kufika. Palipo na rododendro, kichaka cha maua cha bustani kilichoenea porini, pana hatari ya *Phytophthora ramorum*, ugonjwa wa miti unaosafiri kwenye tope.

Kukagua kazi

Rudi mahali uliposafisha mwaka unaofuata, mwezi wa Septemba, ukiwa njiani. Mbegu za kaluna hukaa hai udongoni kwa miongo, kwa hiyo mara nyingi hakuna haja ya kupanda chochote. Ukitazama chini kwa makini utaona vijani vidogo kama ukucha wa mtoto mchanga, kijani iliyofifia, vimejipanga penye nyufa na alama za kwato. Ukiona nyasi tupu, matandazo hayakutolewa ya kutosha. Ukiona vichaka vya mbetula vyenye mashina mengi, dawa ilichelewa. Ukiona mchanga mtupu bila chochote, usimwite mtu wa mbegu bado. Kaluna huota polepole, na mwaka wa pili wa mvua za kawaida ndio huamua. Andika namba ya mraba wa ramani, mwezi, na ulichoona, umpe kiongozi wa siku yako. Yeye ndiye atakayepanga kipande gani kiingiwe tena Oktoba.